Ndege Kumi za Khamisa

Msambweni pana watu waliofika Makka, na pana watu ambao hata Ukunda huenda kwa kushurutishwa, lakini wote wameshaulipua ule mlima. Wauza samaki wameulipua. Mafundi cherehani wameulipua. Imamu mmoja, Mungu amsitiri, aliulipua akiwa kijana, na mpaka leo ukimtajia Kapteni Chome hutazama chini akatabasamu.

Sinema yenyewe ni ya zamani, nyeusi na nyeupe, vita vya Wazungu kwa Wazungu. Jina lake la Kizungu limo kwenye kasha na hakuna aliyejishughulisha nalo; hapa inaitwa Ndege Kumi. Adui amechimba mlima, akaficha ndani yake mafuta ya vita vyote, na mlango wa mlima umeelekea baharini. Bomu la kutoka juu haliufikii. Sharti ndege zije chini kwa chini, chini ya mizinga, matumbo yakaribie kuchota maji, zitupe mabomu mlangoni kama mtu atupavyo ndoo kisimani, kisha zipande wima kabla hazijaugonga mwamba. Kumi zinaondoka. Tatu zinarudi. Ukiitazama mara ya kwanza unalia, mara ya kumi unalia zaidi.

Siku hizi kila mtu ana sinema mfukoni mwake, lakini banda la video la Kibwana halijafa, na sababu ni moja tu: simu haina mtafsiri. Kwa Kibwana, picha hurushwa ukutani, sauti ya Kizungu hupunguzwa mpaka ikabaki mnong'ono, kisha mtu huketi kando na maiki akaisema sinema nzima kwa Kiswahili, kila mdomo unaofunguka akautia maneno. Spika nyingine imefungwa nje, ili hata mwanamke anayepita na ndoo yake, ambaye si adabu kuingia mle, ajue vita vimefika wapi.

Kwa miaka kumi na minne mtafsiri alikuwa Tofiki, mwanamume mwenye sauti nzito kama mtungi unaobingirishwa. Watu walimpenda, wakamnunulia soda, wakasema, "Tofiki anakijua Kizungu cha ndani kabisa."

Tofiki hakujua Kizungu. Alijua kuwaambia watalii wa Diani habari ya asubuhi, na hiyo nayo waliielewa kwa huruma tu.

Maneno yalikuwa ya Khamisa.

Khamisa ni mtu wa Gazi. Alisoma mpaka darasa la saba, akaongoza darasa kwa insha, na shule ikaishia hapo. Tofiki alipomwoa akampeleka Msambweni, na Kibwana alipompa Tofiki ile kazi ya maiki, jamaa alirudi nyumbani na sahani ya DVD ya Ndege Kumi mkononi na hofu usoni. Televisheni yao ilikuwa imekufa sauti. Khamisa akaketi mbele yake na ungo wa mbaazi mapajani, akichambua mawe na kuzitazama nyuso.

"Huyu," alisema, "ana uso wa mtu aliyegombana na mamake asubuhi ya safari. Huyu ni Sanga. Huyu mnene anayecheka peke yake ni Tembo. Huyu wa dirishani anaomba dua, tumwite Haji. Na huyu mrefu asiyesema ndiye kapteni wao. Chome."

"Umejuaje?"

"Nyamaza utazame."

Aliitazama mara thelathini, na kila mdomo akaupa lake. Kisha akamfundisha mumewe kama wanavyofundishwa watoto chuo cha Kurani: mwalimu asema, mwanafunzi afuata. "Ndugu zangu, bahari haina kaburi." Naye Tofiki: "Ndugu zangu, bahari haina kaburi." "Chini! Chini zaidi, Tembo, tumbo lako liguse chumvi!" Naye Tofiki vivyo hivyo. Miezi miwili wakawa hivyo kila siku baada ya alasiri, mpaka majirani wakadhani mle ndani wanahifadhi juzuu. Sinema zilizofuata zikaenda kwa njia hiyohiyo. Khamisa asema, Tofiki afuata. Miaka kumi na miwili.

Sifa zote zilimwendea Tofiki, na Khamisa hakuona shida. Yeye alikuwa na heshima yake mwenyewe, na haikuwa ndogo. Asubuhi aliuza mahamri na mbaazi za nazi barazani pake, lakini kazi iliyompa jina ilikuwa usomo. Mwari akitaka kuolewa, mama mwenye akili alimwita Khamisa, naye akamweka ndani, akamfunza unyumba na kuutunza mwili na ulimi, akamsimamia mpaka siku ya kutolewa. Somo hujua ya kila nyumba. Anajua nani kaingia na kilio na nani kaingia na tumbo. Kwa hiyo somo huchaguliwa kwa kitu kimoja kabla ya vyote: kifua chake kinaweka siri.

Basi Tofiki akaona mke mwingine Ukunda. Kuoa si haramu. Khamisa angenuna mwezi mmoja akanyamaza. Lakini yule wa Ukunda hakutaka uke wenza, na talaka ya Khamisa ikaja imekunjwa mara nne, ikaletwa na mtu wa bodaboda ambaye hakuzima hata injini.

Wiki tatu baadaye Tofiki mwenyewe akasimama barazani, sahani mpya mkononi.

"Khamisa, kuna sinema mpya. Kibwana aitaka kwa Ijumaa."

Khamisa alikuwa anageuza mahamri. Alimaliza kuyageuza yote ndipo akainua uso.

"Wataka nini?"

"Unitazamie. Kidogo tu. Kazi ni kazi."

"Nenda ukatazamiwe na uliyemwoa."

"Yeye hawezi hayo."

"Basi ana raha. Ondoka, unanizibia wateja."

Wateja walicheka, na Tofiki akaondoka na masikio yamemwiva. Sasa mwanamume aliyechekwa na wanawake wanne mbele ya karai la mafuta anaweza kwenda kuoga akasahau. Tofiki hakusahau.

Mle ndani ya Ndege Kumi, karibu na mwisho, pana mwanamke. Haonekani hata dakika nzima. Ndege zinakuja juu ya maji, giza limetanda, na ufuoni anatokea mama mmoja amejifunika shali, ameinua taa, anaangaza huku na huku, mdomo unaita. Khamisa alipoitunga alimfanya mama wa Haji, ametoka kumwonyesha mwanawe njia. Watu walilia hapo. Ijumaa ile Tofiki hakuwa na sinema mpya, akaweka Ndege Kumi, na taa ilipoinuka akasema kwa ile sauti yake ya mtungi, spika ya nje ikiwa wazi kwa mji mzima:

"Mtazameni msaliti! Anawaonyesha adui ndege zetu! Jina lake Khamisa, mtu wa Gazi. Zima taa, Khamisa!"

Banda likalipuka. Wiki iliyofuata wakamtaka aweke tena. Wakawa wao ndio wanaopiga kelele, taa ikiinuka tu: "Zima taa, Khamisa!" Kisha ikatoka bandani ikaingia sokoni. Mtu wa bodaboda akipita barazani: "Zima taa!" Wauza nazi: "Zima taa!" Mpaka mzee mmoja asiye na jino, ambaye Khamisa alikuwa akimpa mbaazi za bure tangu siku alipofiwa, akamwamkia vile asubuhi moja, akadhani ni salamu.

Khamisa aliyavumilia ya mitaani. Lililomkata lilikuwa la Bi Ummulkheir.

Bi Ummulkheir alikuwa na nyumba ya ghorofa, na mabinti wawili. Mkubwa alikuwa aolewe baada ya mfungo, na Khamisa alikwisha kuitwa, liwa ya kumpaka mwari alikwisha kuisaga. Siku tano kabla ya kumweka mwari ndani, Bi Ummulkheir alikuja, akakaa ukingoni mwa kiti kama mwenye haraka.

"Mwenzangu, usinichukulie vibaya. Wakwe wametoka Vanga, watu wa maneno. Wamesikia kule bandani. Wauliza, huyo somo wenu ndiye yule wa taa?"

"Nawe ukawajibu nini?"

"Si unajua watu. Msaliti hapewi mwari, hata kama ni wa sinema. Nimemwita mwengine."

"Kwani mimi nimetoa siri ya nani, Ummulkheir? Taja mmoja."

Bi Ummulkheir alitazama saa yake, akaaga. Na alipokwisha kufanya yeye, wenye nyumba za chini wakafuata. Mwaka ule hakuitwa na mtu. Wa pili vilevile. Wanawake aliowasimamia, aliowashika mikono wakitetemeka, wakawa wakimkuta njiani wanauliza bei ya mahamri.

Wengine husema ukifanyiwa ubaya umwachie Mungu. Khamisa alimwachia Mungu moto wa akhera. Wa hapa duniani aliona anaweza kuuwasha mwenyewe.

Alianza na jirani yake Rispah, mwanamke wa bara aliyefanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Diani, ambaye Kizungu kilimtoka kama maji ya mfereji. Khamisa alipata sahani ya Ndege Kumi, akabisha kwa Rispah Jumapili mchana.

"Mwanangu, nifungulie hii, na sauti uiache wazi. Nataka kujua yule mama wa taa asema nini hasa."

Wakaitazama. Kwa mara ya kwanza Khamisa akazisikia sauti zao, Sanga akiwa na sauti nyembamba kama filimbi, hata akamwonea huruma. Taa ikainuka. Rispah akasimamisha, akarudisha nyuma, akasikiliza tena, akaanza kucheka.

"Mama, huyu hata hayuko kwa vita. Anatafuta ng'ombe wake."

"Ng'ombe?"

"Wallahi, mama, kama mnavyoapa nyinyi. Ng'ombe wake amekata kamba usiku. Anamwita tu. Anasema, rudi nyumbani, we mjinga."

Khamisa hakucheka.

"Rudisha nyuma," alisema. "Nataka kumsikia tena."

Kisha akamwendea Kibwana. Kibwana hana ubaya, ni mtu wa biashara tu. Khamisa akamwambia: Idd Pili, baada ya adhuhuri, wape wanawake banda lako. Miaka yote hii wanasikia vita nje ya ukuta. Tandika mikeka, fukiza udi uondoe harufu ya sigara, weka Ndege Kumi, na mtafsiri awe Tofiki yuleyule. Kibwana akakubali kabla hajamaliza kusikia. Aliuliza jambo moja tu: "Na wewe utakuja, Bi Khamisa? Na lile la... la taa?"

"Nitakaa mbele."

Siku ikafika. Wanawake walikuja kwa baibui mpya na manukato ya kuvunja pua, na watoto, na mabirika ya chai. Wengi walikuja kuona sinema. Wengi zaidi walikuja kuuona uso wa Khamisa taa ikiinuka. Bi Ummulkheir alikaa katikati, na binti yake mdogo kando yake. Tofiki akaingia na miwani myeusi na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata. Alimwona Khamisa kwenye mkeka wa mbele, hatua tatu kutoka kiti chake. Akatabasamu.

"Karibuni akina mama," akasema kwenye maiki. "Leo mtaona kazi."

Sinema ikaanza. Kapteni Chome akatembea uwanjani, ndege zimepangwa nyuma yake. Khamisa, polepole, sauti ya mtu anayejisemea, akatangulia pumzi moja:

"Ndugu zangu, bahari haina kaburi."

"Ndugu zangu," akanguruma Tofiki, "bahari haina kaburi!"

"Anayeogopa leo hana aibu, aibu ni ya kesho."

"Anayeogopa leo hana aibu, aibu ni ya kesho!"

Wanawake wa mkeka wa mbele wakatazamana. Khamisa akaongeza sauti. Kila mdomo uliofunguka kule ukutani, yeye aliufikia kwanza, na Tofiki akaja nyuma yake. Alijaribu kukimbia, Khamisa akakimbia zaidi. Alijaribu kungoja, Khamisa naye akangoja, na kule ukutani Sanga akafungua na kufunga mdomo mara nne bila neno, kama samaki changu ndani ya kikapu. Jasho likaanza kumshuka Tofiki chini ya miwani.

"Kumbe ni yeye anayesema," mwanamke mmoja akanena nyuma.

"Shh! Mwache mwalimu asomeshe."

Ndipo Khamisa akafyatua mtego wake. Kule ukutani marubani walikuwa bado hawajaondoka. Walikuwa chumbani, wamekaa, Tembo anakula, Kapteni Chome anajinyoa mbele ya kioo kidogo. Khamisa akavuta pumzi, akatoa kile kilio ambacho Msambweni nzima inakijua, kilio cha mwisho kabisa wa sinema:

"Yarabi! Chome amegonga mwamba! Kapteni wetu amekufa!"

Na mdomo wa Tofiki, uliofuata miaka kumi na miwili, ukafuata:

"Yarabi! Chome amegonga mwamba! Kapteni wetu ame..."

Ukutani Kapteni Chome akajifuta povu shavuni.

Kicheko kile kilisikika mpaka hospitalini. Wanawake walilaliana. Birika moja likamwagika na hakuna aliyeliinua. Bibi mmoja akapiga kelele, "Maiti ananyoa ndevu!" na wakaanza upya. Tofiki akapigapiga maiki kana kwamba kosa ni la waya. Akataka kuendelea, lakini asingeweza: alitazama ukutani akaona watu wanatembea na kusema, na hakujua hata mmoja wao anasema nini.

"Kibwana!" wakaita. "Mpe mwenye maneno!"

Kibwana, mtu wa biashara, akaichukua maiki mkononi mwa Tofiki akampa Khamisa. Tofiki akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, akasimama hapo. Laiti angetoka! Lakini mwanamume akishachekwa hutaka kuona kama kitabaki chochote.

Khamisa aliwarusha wale wanawake. Aliwaondoa uwanjani mmoja mmoja, akawashusha mpaka wakahisi chumvi midomoni, Haji akasoma dua yake na banda zima likaitikia amina. Ndege ya nne ikaanguka, ya tano ikaanguka. Kisha ufuoni mama mwenye shali akainua taa, na watu mia wakageuza vichwa kutoka ukutani wakamtazama Khamisa.

Aliwaacha wamtazame.

"Mmeambiwa huyu ni msaliti," akasema. "Mwongo aliyewaambia hajui Kizungu, mmemsikia wenyewe. Mimi nimeuliza kwa anayejua. Mama huyu hana habari ya vita. Ametoka na taa yake kutafuta ng'ombe. Ng'ombe amekula nyumbani kwake miaka kumi na miwili, amenenepa, kisha akakata kamba akakimbilia Ukunda." Akanyoosha mkono. "Na huyo ng'ombe msimtafute mbali. Amesimama pale mlangoni, amevaa miwani."

Siwezi kueleza ile kelele. Mlima ulilipuka nyuma ya Khamisa na hakuna aliyeuona.

Spika ya nje ilikuwa wazi, bila shaka. Kabla Tofiki hajafika barabarani, watu wa bodaboda walikwisha kumpokea kwa mlio mrefu: "Mooo!" Kesho yake sokoni, "Rudi zizini, Tofiki!" Mwenye duka akamwuliza kama ataka unga au majani. Mke wa Ukunda alivumilia siku tisa, akarudi kwao, akisema hakuolewa na mfugo.

Wiki ya tatu Tofiki alikuja barazani kwa Khamisa, bila miwani.

"Khamisa, nimekuja kwa adabu. Niondolee hili jina. Wewe ukisema basi, wataacha."

"Lina muda gani?"

"Wiki tatu."

"Langu lilikuwa na miaka miwili. Rudi miaka miwili ikitimia, tuzungumze."

"Huna huruma?"

"Nilikuwa nayo. Uliila kila asubuhi pamoja na mahamri."

Akahamia Vanga, mwisho wa barabara mbovu, akidhani vumbi litamficha. Inasemekana mtu wa kwanza aliyempokea pale alimpa pole, akamwuliza kama yule mama wa taa ameshampata. Khamisa alipohadithiwa hilo alilala usingizi mzuri kupita wote aliolala tangu ile karatasi ya mikunjo minne.

Lakini usomo haukurudi. Hilo ndilo lililomkera. Akina mama walicheka naye, wakamsifu, kisha mabinti zao wakawapeleka kwingine. Zamani walisema msaliti, sasa walisema somo husema nyuma ya pazia, vipi mwana tumkabidhi mwanamke wa maiki? Bi Ummulkheir ndiye aliyelisema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Basi siku moja asubuhi, karai linachemka na benchi limejaa watu, akatokea Bi Ummulkheir mwenyewe, kwa miguu, jua usoni. Binti yake mdogo alikuwa aolewe, na binti alikuwepo bandani siku ile. Alimwambia mamake: nataka somo ambaye mwanamume hawezi kumfuta jina. Kama si Khamisa, sitolewi. Siku nne alikuwa amejifungia chumbani, na wakwe wamekwisha kukodi mabasi.

"Khamisa, nataka maneno nawe faragha."

"Faragha sina. Nina karai."

Bi Ummulkheir akatazama benchi. Benchi likamtazama.

"Nimekuja kwa ajili ya mtoto. Twakutaka uje."

"Mnanitaka nani?"

"Wewe."

"Mimi ni nani? Hawa hawanijui. Waambie."

"Khamisa, haki ya Mungu..."

"Umekuja kwa miguu, usiondoke bure. Mimi ni nani?"

Bi Ummulkheir akashusha sauti. "Somo," akasema.

"Wa mwisho pale hajasikia."

"Somo! Somo Khamisa. Nilikukosea, nikamsikiliza mwanamume wa bandani nikakuacha. Nisamehe, tuanze upya."

Khamisa aliopoa mahamri, moja, mbili, tano, akayatikisa mafuta.

"Nitakuja Alkhamisi. Mwari asiguse jiko kuanzia leo. Kuhusu kusamehe, hilo nitaliangalia."

"Ahsante, mwenzangu. Ahsante sana." Bi Ummulkheir akashusha pumzi, akajifuta uso kwa ncha ya baibui, akaona pembe ya benchi imeachwa wazi. "Jua kali. Hebu niketi, unipakulie mbaazi kidogo."

"Zimekwisha," alisema Khamisa, akafunika sufuria iliyojaa.